Wiki ya Majaribio ni Yako, Mdogo Wangu

Leo kona yetu naitoa kwa mwenzetu mmoja anayeishi Massachusetts, Marekani. Ameniruhusu niitoe barua yake bila jina, kwa sababu anaamini wapo wengi wenye shida kama yake wanaoona haya kuuliza.

“Dada, shikamoo. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee. Siku moja nilimdaka mzee asianguke bafuni, mgongo wangu ukalia. Nikafanyiwa upasuaji wa diski. Kiuno kilipata nafuu, lakini mguu wa kushoto, tangu paja mpaka kidole gumba, unawaka moto usiku na mchana. Hata shuka likinigusa nashtuka. Dawa nimekunywa mpaka tumbo limechoka. Sasa daktari anataka kuniwekea kifaa cha umeme kwenye uti wa mgongo. Mume wangu anasema nikubali tu. Mama yuko Tanga, anasema umeme hauingizwi mwilini mwa binadamu. Alhamisi nina miadi. Niseme nini?”

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kabla ya waya na betri, niseme jambo ambalo naona hujaambiwa vya kutosha: maumivu yako ni ya kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watu wanakuona umevaa vizuri, umekaa kwenye sherehe, unacheka, wanadhani umepona. Wengine watasema unaikwepa kazi, au unatafuta fidia. Usiwabebe moyoni. Mshipa wa fahamu ukishaumia unaweza kuendelea kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo hata baada ya kidonda kufunga na diski kutengenezwa. Picha za hospitali zinaweza kuonyesha mgongo uliotulia na wewe bado mguu unaungua. Huko kuungua, kufa ganzi, kuhisi sisimizi, kuumizwa na shuka, ndiyo lugha ya mshipa ulioumia, na ndiyo sababu daktari wako amekifikiria kifaa hiki badala ya kukuongezea vidonge.

Sasa kifaa chenyewe. Ni nyaya nyembamba laini, kwa kawaida moja au mbili, zenye vituo vidogo vya chuma kwenye ncha. Waya mmoja mara nyingi huwa na vituo 8. Daktari huzipitisha kwa sindano nene katikati ya pingili, huku akiangalia kwa eksirei, mpaka zilale nje ya utando unaofunika uti wa fahamu. Haziingii ndani ya uti wenyewe. Hapo unaweza kumtuliza mama. Nyaya zinaunganishwa na betri ndogo inayoenea kiganjani, na betri hiyo, ukikubali kifaa cha kudumu, hufukiwa chini ya ngozi, mara nyingi juu ya kalio au ubavuni. Wewe unabaki na rimoti ya kuongeza na kupunguza nguvu.

Kwa nini umeme utulize maumivu? Fikiria unapojigonga kiwiko mlangoni. Mkono wenyewe unakimbilia kusugua, na ukisugua unapata nafuu. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi ya lango: habari za mguso zikipita kwa wingi, zinalibana lango, habari za maumivu zinapita kidogo. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1967, daktari wa upasuaji wa ubongo aitwaye Norman Shealy, huko Ohio, alimwekea kifaa cha kwanza mgonjwa wa saratani aliyekuwa akiteseka. Baadaye wataalamu waligundua kwamba mambo ni magumu zaidi ya lango moja, na vifaa vya sasa havifanani na kile cha Shealy. Vya zamani hupiga kama mara 40 mpaka 60 kwa sekunde, na mgonjwa huhisi mtekenyo mahali palipokuwa pakiuma. Vipo vinavyopiga mara 10,000 kwa sekunde, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, ambavyo mgonjwa hasikii mtekenyo wowote. Muulize daktari wako anakusudia kipi, kwa sababu maisha nacho hayafanani.

Halafu shika hili, mdogo wangu: kifaa hiki hakiponyi. Hakirudishi diski, hakishoni mshipa. Kinabadilisha habari inayofika kwenye ubongo, basi. Wanaokwenda wakitarajia kuamka bila maumivu kabisa ndio wanaorudi wamevunjika moyo. Lengo ambalo madaktari wenyewe wanalitumia ni maumivu kupungua angalau nusu.

Je, kweli kinasaidia? Hapa nitakuwa muwazi, kwa sababu wewe ndiye utakayelala kwenye kitanda cha upasuaji. Utafiti mmoja unaotajwa sana ulitolewa mwaka 2007. Uliwafuata watu 100 ambao, kama wewe, walishapasuliwa mgongo na mguu ukabaki kuuma kuliko kiuno. Baada ya miezi 6, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa walikuwa wamepungukiwa na maumivu ya mguu kwa nusu au zaidi. Kwa waliotibiwa kwa njia za kawaida tu ilikuwa asilimia 9. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini soma tena namba hiyo: zaidi ya nusu ya waliowekewa kifaa hawakufika huko. Na utafiti ule haukuwa na kifaa cha bandia cha kulinganisha, kwa hiyo kila mtu alijua amepata nini.

Mwaka 2022 Wanorwei walifanya jambo gumu zaidi. Waliwachukua watu 50 waliobaki na maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo, wote wakawekewa kifaa, kisha kwa vipindi kikawa kinawashwa na kuzimwa bila mgonjwa kujua. Hawakuona tofauti ya maana katika uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku. Ulikuwa mtindo mmoja tu wa umeme, na wapo wataalamu wanaoupinga utafiti huo kwa nguvu. Mwaka uliofuata, jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, lilichambua majaribio 13 yenye watu 699 wenye maumivu ya kiuno, likasema kwamba kwa kiuno, ushahidi haukitetei kifaa hiki. Kwa hiyo, kama mtu ananisoma na shida yake ni kiuno tu, bila mguu, bila mshipa ulioumia, ajiulize mara mbili. Kwako wewe unayeungua mguu, mlango haujafungwa. Uingereza, tangu mwaka 2008, mwongozo wa huduma ya afya ya taifa unakiruhusu kwa mtu mzima mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu yaliyodumu angalau miezi 6, makali ya nusu ya kipimo au zaidi, na aliyeshajaribu njia nyingine. Na kwa wenzetu wenye kisukari ambao nyayo zinawaka moto na dawa zimeshindwa, Marekani iliruhusu aina moja ya kifaa hiki mwaka 2021.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa urefu hivi. Kabla ya kifaa cha kudumu kuna majaribio. Nyaya zinawekwa, betri inabaki nje imefungwa kiunoni, unarudi nyumbani nayo kwa siku 3 mpaka 7 hivi. Haya majaribio ni yako. Si ya daktari, si ya kampuni, si ya mume wako. Wenzetu wengi wanayapita kwa adabu. Daktari anauliza, “Unajisikiaje?” na sisi, kwa malezi yetu, tunajibu, “Nashukuru, afadhali.” Tumefundishwa kutomvunja moyo aliyekusaidia. Hiyo “afadhali” yako ya heshima inaandikwa kwenye faili kuwa majaribio yamefaulu, na wiki chache baadaye unapasuliwa.

Kwa hiyo jiandae kabla. Wiki moja kabla ya majaribio, chukua daftari uandike mambo ambayo mguu umekunyang'anya, yale ya nyumbani kwako hasa. Unaweza kusimama jikoni muda gani kabla ya kutafuta kiti? Unaamka mara ngapi usiku? Unaweza kuvaa soksi ya kushoto? Unaweza kukaa ibada nzima? Ngazi za nyumbani unazipanda kwa pumzi moja au unasimama katikati? Dawa ya maumivu unakunywa saa ngapi na ngapi? Kisha wakati wa majaribio, jaza mambo hayo hayo, kila siku, asubuhi na jioni. Ukirudi kwa daktari usimpe neno, mpe daftari. Kama zamani ulisimama jikoni dakika 10 na sasa umepika wali na mchuzi mpaka ukaiva, hiyo ni habari. Kama maumivu “yamepungua” lakini bado huvai soksi na bado unaamka usiku, nayo ni habari, na una haki ya kusema hapana.

Majaribio yenyewe yana taabu zake. Utakuwa na bendeji kubwa mgongoni na waya unaotokea kwenye ngozi. Haitakiwi ilowe, kwa hiyo utajifuta kwa kitambaa, hutaoga. Hutainama, hutajipinda, hutanyoosha mikono juu ya kabati, hutabeba mtoto wala mfuko wa mchele. Waya ukisogea kidogo tu, mtekenyo unahama kutoka mguuni unakwenda ubavuni, na majaribio yameharibika. Kwa wale wenye kusali, kutoinama huko kunagusa rukuu na sijida. Mgonjwa ameruhusiwa kusali kwenye kiti, basi tumia ruhusa hiyo bila kujihukumu. Mwambie mumeo kabisa kwamba siku hizo jiko ni lake na watoto ni wake. Kama ukihisi homa, usaha, miguu kuwa mizito, haja kukutoka bila kujua, au kichwa kinachouma vibaya unapoketi na kutulia unapolala, hiyo si ya kusubiri miadi. Piga simu hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna mtu mwingine utakayekutana naye, mara nyingi mchangamfu na mwenye subira kuliko daktari: mwakilishi wa kampuni inayotengeneza kifaa. Yeye ndiye mara nyingi anayekipanga kwa kompyuta yake, na ndiye atakayekupa namba yake ya simu. Anaijua kazi yake na msaada wake ni wa kweli. Lakini ni mwajiriwa wa anayeuza. Swali la “nikiweke au nisikiweke” usimuulize yeye. Muulize daktari, mkiwa wawili, mlango umefungwa.

Utapelekwa pia kwa mwanasaikolojia. Najua wengi mnakasirika hapa: “Kwani wananiona kichaa?” Hapana. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, inadai uchunguzi huo, na bima nyingi binafsi zinafuata. Maumivu ya muda mrefu yanaleta huzuni, usingizi unaharibika, mtu anakata tamaa, na huzuni isiyotibiwa inapunguza uwezekano wa kifaa kusaidia. Mwambie ukweli. Kama unalia bafuni ili watoto wasisikie, mwambie. Kutibiwa huzuni ni sehemu ya kutibiwa mguu.

Madhara nayo uyajue kwa majina yake. Linalotokea sana ni waya kuhama au kukatika. Kuna maambukizi, na yakiingia, mara nyingi kifaa chote kinatolewa. Kuna betri kuuma pale ilipofukiwa. Kuna nafuu kufifia baada ya mwaka au miaka, mwili ukikizoea. Mara chache sana, damu inavuja karibu na uti au mshipa unajeruhiwa, na mtu anaweza kupooza. Ndiyo maana lazima useme kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwezi Septemba 2020, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaandikia madaktari kuwakumbusha wasiweke kifaa cha kudumu bila majaribio. Ilisema kwamba ndani ya miaka 4 ilipokea taarifa 107,728 zinazohusu vifaa hivi, zikiwemo 497 zilizohusishwa na vifo. Taarifa si ushahidi kwamba kifaa ndicho kilichosababisha, na mamlaka yenyewe ililisema hilo. Malalamiko yaliyoongoza yalikuwa kwamba maumivu hayakupungua inavyotakiwa. Ukiyatazama hayo, utaelewa kwa nini ninakung'ang'aniza na daftari.

Ukifika hatua ya kukubali, bado una mambo ya kuamua, na usiwaache madaktari waamue peke yao. Betri iwekwe upande gani? Lala upande unaoulalia siku zote, funga kanga, vaa sketi unayoivaa kazini, funga mkanda wa gari, halafu angalia ni wapi pataminywa. Mwonyeshe daktari kabla hujalala kwenye kitanda, aweke alama kwa kalamu. Betri ya kuchaji hudumu miaka mingi lakini utaichaji kwa chaja ya kubandika juu ya ngozi, wengine kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Isiyochajiwa ni rahisi kuishi nayo lakini itaisha mapema, na ikiisha unapasuliwa tena. Uliza kama kifaa kinaruhusu kipimo cha MRI cha mwili mzima au baadhi ya sehemu tu. Kama mnafikiria mtoto mwingine, sema sasa, kwa sababu usalama wake wakati wa ujauzito haujathibitishwa. Na baada ya upasuaji, wiki 6 mpaka 8 za kutoinama na kutobeba. Kazi ya kuinua wazee haiwezekani muda huo, basi zungumzeni mapema na mwajiri, na kwa kuwa uliumia kazini, pia na mwanasheria wa fidia.

Utapewa kadi inayoonyesha kwamba una kifaa mwilini. Ikae kwenye pochi pamoja na pasipoti. Milango ya ukaguzi uwanja wa ndege na ile ya kuzuia wizi madukani inaweza kukuzimia kifaa au kukupiga mshtuko, kwa hiyo onyesha kadi uombe kukaguliwa kwa mkono. Kama ni kile cha mtekenyo, kizime unapoendesha gari. Na mtu yeyote asikufanyie tiba ya joto la ndani kwa mashine za mawimbi, hata kama ni mtaalamu wa mazoezi mwenye nia njema. Joto hilo linaweza kukusanyika kwenye vituo vya waya na kuunguza uti.

Hili la kusafiri linanileta kwa wote mnaopanga kurudi nyumbani moja kwa moja, na kwa ndugu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaofikiria kwenda kutibiwa India au kwingineko na kurejea na kifaa mwilini. Kifaa hiki si skrubu ya mfupa, uwekewe mambo yaishe. Kinahitaji kupangwa upya mara kwa mara, na kila kampuni ina kompyuta yake na programu zake. Kabla hujakubali, uliza kwa maandishi: nchini kwangu nani atakipanga? Waya ukihama, nani atanirekebishia, na kwa gharama ya nani? Kama jibu ni “utarudi huku,” pigeni hesabu ya nauli, viza na hospitali sasa hivi, kabla ya kuuza shamba.

Usiache dawa zako kwa ghafla, mdogo wangu, hata majaribio yakienda vizuri kiasi gani. Dawa kali za maumivu, na zile za mishipa ya fahamu, hupunguzwa polepole chini ya daktari. Na mazoezi uliyopewa endelea nayo, kwa sababu mguu uliokaa muda mrefu bila kufanya kazi umepoteza nguvu, na umeme haurudishi misuli.

Mume wako anakupenda na amechoka kukuona ukiteseka. Ndiyo maana anasema kubali tu. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Kwa kifaa hiki lazima uulizwe, na jibu liwe lako. Mama naye usimbishie kwenye simu. Mwambie kwamba waya haugusi ubongo wala moyo, kwamba kuna majaribio ya siku chache ambayo waya unavutwa na kutoka, na kwamba hata kile cha kudumu kinaweza kutolewa kwa upasuaji. Ukimweleza kwamba bado hujaamua, atakusikiliza.

Sasa Alhamisi. Sema hivi: “Daktari, nakubali majaribio. Cha kudumu sijakubali.” Halafu uliza ameweka vingapi mwaka uliopita, na katika wagonjwa wake, ni wangapi walirudi kukitoa. Daktari mzuri hatachukia kuulizwa. Akichukia, tafuta wa pili, bima nyingi hulipia maoni ya daktari mwingine. Andika majibu yake kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari, na mumeo awepo asikie.